Namba ya Kiatu cha Mama Venance

Orodha ya namba za viatu ilizunguka kikao chote, ikapita mbele ya Benadetha bila kusimama, ikarudi kwa katibu. Salme, katibu wa kikundi na mwenye duka la vitambaa mjini Babati, aliikunja akaiweka ndani ya daftari.

"Mimi sijaandikwa," Benadetha alisema.

"Wewe huhitaji, Mama Venance. Viatu vya kukodi ni vya wapandaji. Wewe uko kamati ya chakula."

Ndivyo alivyojua kwamba hapandi. Wanawake kumi na wanne wa Kikundi cha Jitume, Maisaka, walikuwa wanajiandaa kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro kwa siku moja: waingie lango la Marangu asubuhi, wapande hadi kambi ya Mandara, washuke kabla ya jioni. Walichozoea kupanga wao ni harusi na misiba, basi na safari wakaipanga hivyo hivyo. Palikuwa na kamati ya usafiri, kamati ya sare, kamati ya picha, hata kamati ya mapokezi, ingawa hakuna aliyeweza kueleza nani atampokea nani. Mazoezi ya kutembea hayakuwa na kamati, kwa hiyo hayakufanyika.

Kamati ya chakula ilikuwa na mjumbe mmoja tu. Alichaguliwa siku ambayo hakuwepo, maana ndiyo desturi ya vikao vyetu, asiyekuwepo hubebeshwa kazi. Siku hiyo Benadetha alikuwa Sigino, anapika msibani kwa niaba ya kikundi hicho hicho.

Aliumia. Miaka sita nyuma walikwenda Moshi kumsindikiza mwenzao aliyefiwa. Siku ya pili mawingu yalifunguka, mlima ukaonekana mweupe kileleni, na watu wote wakakimbilia mbele ya nyumba. Benadetha alikuwa nyuma, mwiko mkononi, wali unakaribia kukauka maji. Alipomaliza kupalia makaa na kuzunguka nyumba, mawingu yalishafunga. Wali ule ulisifiwa mpaka wanarudi Babati. Mlima yeye hakuuona.

Katarina, mwenyekiti, aliweka simu mezani na kuongeza sauti. Aliyepiga ni Wilbroad, mtoto wa dada yake, mwongozaji wa wapanda mlima.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba."

"Nilitaka niseme kuhusu zile kuni na sufuria mnazotaka kuja nazo. Hifadhini huruhusiwi kuwasha moto wa kuni. Kila mtu abebe chakula chake kwenye boksi. Na hizo sare za vitenge, jamani, kule juu kuna baridi."

"Sweta tutavaa ndani," Katarina alijibu. "Kitenge kitakaa juu kionekane kwenye picha."

"Sawa, mama mdogo."

Moyo wa Benadetha ulichangamka. Hakuna moto, hakuna kamati ya chakula. Alishaanza kutabasamu Katarina alipogonga meza.

"Basi kamati ya chakula itabaki Babati. Tutarudi tumechoka, tukute pilau ya moto. Mama Venance, kwa kupika hatuna mwingine tunayemwamini."

Wakampigia makofi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Benadetha alikuwa amesifiwa miaka kumi na moja na hakuwahi kutia hata tone. Alisimama, akafungua fundo kwenye pindo la kanga, akatoa ufunguo na kuuweka mezani.

"Sufuria zote ziko stoo kwangu. Mwiko mkubwa uko nyuma ya mlango. Atakayebaki atapika."

"Na wewe?" Katarina aliuliza.

"Mimi naenda kuuona mlima. Kule Moshi nyinyi mliona mlima, mimi niliona wali."

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wakiisimulia siku ile kila wakikutana, na hakuna aliyewahi kumuuliza yeye aliuonaje. Waliutazama ufunguo, kila mmoja akimngoja mwenzake, na mikono yote ikabaki mapajani.

"Kwani lazima pilau?" sauti ilisikika nyuma. "Tutakula chipsi Moshi."

Katarina alikohoa. Aliuchukua ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kanga yake mwenyewe.

"Kamati ya chakula imevunjwa," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Pole, mwenzangu. Hilo sikulijua."

Salme alikuwa ameshaikunjua orodha. "Namba ngapi?"

"Arobaini na moja."

Hapo wakacheka wote, naye akacheka, kwa kuwa hapakuwa na mguu mwingine mkubwa kama huo kikundini.

"Niandike Mama Venance?"

"Andika Benadetha," alisema. "Venance haendi."