Vitabu Vilivyobaki Mkula

Generoza alikuwa na akili ya kuuza mchele, na akili hiyohiyo ndiyo aliyoitumia kutafuta vitabu. Anazunguka, anashika, anauliza, anaondoka kama hataki, kisha anarudi. Kwa miezi mitatu, hapakuwa na muuza mitumba sokoni Bariadi ambaye hakumjua. Kwa mzee wa viatu alipata kitabu cha maswali ya darasa la saba kisicho na jalada. Kwa katekista alipewa maisha ya watakatifu. Alinunua hata kitabu cha ufugaji wa kuku, kwa kuwa kilikuwa na picha. Vyote alimpelekea bintiye Elina, mwenye miaka kumi na moja. Elina alivipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kama alivyofunzwa, akasema asante mama, akaviweka juu ya kabati. Huko vilikaa mpaka panya wakaanza kuvisoma wao.

Na huyu ndiye mtoto aliyekuwa akisoma kila kilichoandikwa. Alisoma pakiti za sukari, alisoma gazeti lililofungia vitumbua, alisoma tangazo la chanjo ukutani mwa zahanati mpaka nesi akamfukuza. Baba yake, Novatus, alikuwa dereva wa lori la pamba, na kila alipopeleka marobota Mwanza alirudi na kitabu. Majirani wakiwa na barua walikuja kwa Elina. Generoza alikuwa akikaa nyuma ya mchele wake sokoni akisema kwamba wenzake wamezaa watoto, yeye amezaa macho.

Sasa ulikuwa unakaribia mwaka mzima tangu Elina aache kujisomea. Darasani alisoma alichoamriwa, basi. Mwalimu wake, Marcelo, kijana mpole aliyechoka kabla ya umri wake, alimwita Generoza akamuuliza mtoto alianza lini kuwa hivi.

Generoza akajibu kwamba ni tangu baba yake afariki. Hakusema uongo. Alisema nusu ya kweli, na nusu ya pili akaikalia. Mwalimu akatikisa kichwa kwa huruma, akasema huzuni ina muda wake, amtafutie vitabu vya hadithi na si vya mitihani, na asimlazimishe. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Generoza alikuwa na sababu ya kuficha, maana maradhi yenyewe yalikuwa mkono wake wa kulia.

Ilikuwa siku ya mazishi. Ukoo ulitaka wasifu wa marehemu usomwe na Bujiku, mdogo wake Novatus, ambaye ndiye aliyeuandika. Generoza alikataa. Kwa miaka aliwasikia mashemeji wakimsema kwamba amezaa mtoto mmoja tu, tena wa kike, na bado anampotezea muda na makaratasi. Alitaka waone. Alitaka wasimame kaburini wote na midomo yao, wamsikilize mtoto wa miaka kumi akiwasomea kwa Kiswahili kilichonyooka.

"Shemeji, niache nisome mimi," Bujiku alimwambia. Akarudia mara ya pili, taratibu, akimtazama machoni. Zaidi ya hapo angesema nini mbele ya watu? Generoza alimnyang'anya karatasi akampa mtoto bila kuitupia jicho. Kwa nini aisome, na yeye ana msomaji?

Elina alisoma vizuri mno. Alisoma kwamba marehemu alizaliwa Sola, akasoma shule fulani, akapata leseni mwaka fulani, akaajiriwa na kiwanda cha kuchambua pamba. Wazee waliitikia kwa vichwa. Generoza, pamoja na uchungu wote, alihisi kifua kikipanda. Kisha mtoto akasoma kwamba marehemu ameacha wajane wawili, Generoza wa Bariadi na Kwandu wa Mkula, na watoto wanne.

Aliirudia karatasi kwa macho, kama mtu anayedhani amekosea yeye. Halafu akaisoma sentensi ile tena, safari hii kwa sauti zaidi, kwa sababu shuleni walimfundisha kwamba ukikwama unarudia kwa sauti.

Nyuma ya umati mwanamke mmoja mwenye watoto watatu alianza kulia. Watu wote waligeuka kumtazama, kisha wakageuka kumtazama Generoza. Naye akapiga hatua mbili akamzaba Elina kofi lililosikika mpaka kwa wachimba kaburi.

"Ungeruka," alimwambia. "Mwenye akili angeruka."

Sasa hebu hesabu waliostahili kofi siku ile. Yupo aliyeoa kwa siri, na huyo alikuwa ndani ya sanduku, ametulia. Yupo aliyeandika. Yupo aliyelazimisha karatasi isomwe na mtoto. Akapigwa aliyesoma. Ndivyo tulivyo, mkono wetu hutafuta shavu lililo karibu.

Generoza hakuomba radhi. Mzazi wa kwao haombi radhi kwa mtoto, hilo halijawahi kuonekana. Alimnunulia viatu. Alimchinjia jogoo. Alipoona mtoto hashiki tena kitabu, akaanza kutafuta vitabu, na kila kitabu kilikuwa ni samahani ambayo mdomo ulishindwa kuisema. Alijua kabisa alichokuwa anatafuta. Elina akisoma tena kama zamani, basi kofi lile halikuvunja kitu. Asiposoma, yeye Generoza ndiye aliyemvunja mwanawe mbele ya kaburi la baba yake, na hilo hakuweza kulibeba.

Mwezi wa sita, msimu wa pamba ulipofunguliwa, Bujiku alipita kumsalimia. Aliona lile rundo juu ya kabati akauliza. Generoza alipomweleza, shemeji akanywa chai, kisha akasema vitabu vya marehemu vipo. Vipo Mkula kwa Kwandu, katoni mbili. Lori lilikuwa likilala huko, na Novatus alikuwa akinunua vingi kwa mkupuo. Vingine aliviacha kule, vingine alikuja navyo.

Kwa hiyo hata vitabu vilipitia kule kwanza! Generoza alihisi ameibiwa mara ya pili. Miaka yote ile alipokuwa akimpokea mume mlangoni na kitabu kimoja mkononi, kumbe alikuwa akipokea kilichobaki. Alitaka kumfukuza Bujiku na chai yake. Lakini alitazama kabati, akasema Elina aende na baba yake mdogo akavichukue. Siku mbili, asizidishe. Yeye mwenyewe hawezi kukanyaga kule.

Siku mbili zikawa nne, zikawa tisa. Bujiku alipiga simu akasema shule zimefungwa, mtoto hajambo, tena anasoma kutwa nzima. Generoza aliitangaza habari hiyo soko zima. Aliwapimia wateja mchele kwa kujaza mpaka ukamwagika. Siku ya kumi furaha ikaanza kumwasha. Anasoma, sawa. Anamsomea nani? Alifunga biashara yake mapema, akapanda basi la Lamadi, akaunganisha mpaka Mkula.

Nyumba ya Kwandu ilikuwa na uzio wa minyaa, na kabla hajaufikia alisikia sauti. Alisimama. Ilikuwa ni sauti ya Elina, ile ya zamani, ile aliyodhani imezikwa na Novatus. Alichungulia. Mtoto alikuwa amekaa mkekani na watoto watatu wamemzunguka, na pembeni yao Kwandu anabangua karanga. Kitabu kilihusu chura aliyegombea uenyekiti wa kitongoji. Elina alimsemea chura kwa sauti nzito ya kiongozi aliyeshiba, akawasemea wapiga kura kwa sauti nyembamba, na watoto walikuwa wakigaagaa kwa kicheko. Generoza machozi yalimtoka. Alifurahi, na furaha yake ilikuwa ya kweli kabisa. Kama angegeuka hapohapo akarudi Bariadi, mambo yote yangekaa sawa.

Lakini Kwandu alicheka naye, akaomba kipande kile kirudiwe.

"Subiri, mayu, nakimalizia hiki kwanza," Elina akasema.

Mayu. Mama. Mke wa baba ni mama, hiyo ndiyo desturi ya Wasukuma wote, na Generoza mwenyewe alikua akiwaita hivyo wake wawili wa baba yake. Aliijua desturi hiyo kuliko mtu yeyote, na haikumsaidia kitu. Alisukuma minyaa akaingia uani.

Elina alimwona, akakatisha neno katikati. Alifunga kitabu, akapiga goti, akaamkia. Uso wake ulikuwa umesharudi kuwa ule wa Bariadi.

Kwandu naye alipiga goti. "Mwadila, dada," alimwamkia, akaleta kigoda, akaleta maji ya kunywa. Generoza hakukaa, wala hakuyapokea maji. Alisema amefuata mtoto na vitabu, na basi halimsubiri mtu. Mwenzake hakubisha. Aliingia ndani akazitoa katoni zote mbili, akazifuta vumbi kwa kanga yake, na hapo ndipo alipothubutu kusema.

"Vyote chukua, dada, ni vyake. Ila likizo nakuomba umwache aje. Huyu vitabu tu havimtoshi. Anasoma kwa sababu hawa wadogo zake wanamsikiliza."

"Mume uliniibia," Generoza akamjibu. "Mtoto huniibii."

Kwandu aliinamisha kichwa akarudi kwenye karanga zake. Hakuwa amejua kuwa kuna mke Bariadi mpaka alipokuwa na mimba ya pili, na angeweza kulisema hilo, lakini watoto walikuwepo.

Kitabu cha chura kilikuwa mikononi mwa mtoto wa mwisho, Mahona, aliyekuwa na miaka mitano. Alikuwa amekikumbatia kifuani akiuliza kama chura alishinda au hakushinda.

"Kichukue," Generoza akamwambia Elina.

"Mama, tumebakiza kurasa chache tu. Nimalizie?"

"Nimesema kichukue."

Generoza angeweza kukichukua mwenyewe, mkono wake ulifika. Au angeweza kukiacha, kitabu kimoja kati ya katoni mbili. Alitaka kichukuliwe na Elina, na Kwandu aone. Elina alichuchumaa mbele ya mdogo wake akavifungua vidole vyake kimoja kimoja. Mahona hakulia, alishangaa tu. Kilio chake walikisikia walipokuwa wameshapita minyaa, na Generoza akamwambia mwanawe aongeze mwendo.

Jumapili yake, baada ya misa, alimwalika Mwalimu Marcelo nyumbani. Aliandaa chai ya maziwa na karanga za kukaanga. Vitabu alikuwa amevipanga kabatini kwa ukubwa, akavitandikia kitambaa cheupe, na mwalimu alivisifu mpaka Generoza akaona haya. Kisha akamwita Elina, akamkalisha kwenye kiti, akampa kitabu cha chura na kumwambia aendelee pale walipoishia.

Elina akasoma. Hakukataa, hakununa, hakusitasita. Alisoma kila neno, akatua kwenye kila nukta, akafungua ukurasa baada ya ukurasa kwa sauti safi ambayo haikuwa ya chura wala ya wapiga kura. Generoza alimtazama mwalimu, akamtazama mtoto, akacheka peke yake kwa raha. Moyoni aliliona kofi lile linafutika. Mwanawe anasoma! Anasoma nyumbani kwake, kwenye kiti chake, na hakuna mayu mwingine.

Elina alifika mwisho akafunga kitabu.

"Haya, mwambie mwalimu," Generoza alisema, "chura alishinda?"

Mtoto alifikiri. Hakuwa anafanya ukaidi. Alifikiri kweli, akakunja uso, akatafuta.

"Sijui, mama."

"Hujui vipi? Si umesoma sasa hivi hapa?"

"Nimesoma," Elina alisema. "Sikusikiliza."

Aliinuka, akapiga goti mbele ya mwalimu, akapokea kikombe kitupu na kutoka nacho uani kwenda kukiosha. Mwalimu Marcelo alimgeukia Generoza, akamtazama, na Generoza akamwambia kwamba mtoto ana uchovu wa safari.