Jina la Nyumbani

Mkutubi wa chuo alikuwa ameshaitazama simu yake mara sita, na saa tatu bado haijagonga. Kukaa hakuweza. Alizunguka katikati ya kompyuta za maktaba kama mtu aliyepoteza funguo, na wanafunzi arobaini wa mwaka wa kwanza wakawa wanageuza shingo kumfuata.

"Kompyuta si shangazi yako," alimwambia mmoja aliyekuwa anachapa kwenye kisanduku cha kutafutia swali zima la mtihani, na "naomba kujua" juu yake. "Haitaki salamu. Jiulize aliyeandika jibu ni nani, na yeye angetumia maneno gani. Andika hayo."

Wakacheka. Yeye hakucheka. Keshokutwa mama yake angeingia chumba cha upasuaji, daktari hakuahidi kitu, na mama alikuwa na ombi moja tu, amwone kwanza mwanawe wa kiume. Miaka tisa iliyopita kijana huyo alikorofishana na baba yao, akafunga mkoba akaenda zake. Baba alikufa bila kumwona tena. Namba ya simu ya kijana nayo ilishaacha kupatikana zamani.

"Wewe si ndiye unayefundisha watu kutafuta?" mama alikuwa amemwambia asubuhi ile, akiwa amegeukia ukuta. "Basi nitafutie mwanangu."

Mganga hajigangi. Kila wiki, miaka yote tisa, mkutubi aliandika mtandaoni majina matatu ya mdogo wake kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, na kila wiki aliletewa mcheza mpira mmoja na mzee mmoja mstaafu wa reli. Alishawachukia wote wawili bure.

Msichana wa safu ya mbele, ambaye wenzake walimwita Mheshimiwa kwa kupenda kwake hoja, akanyoosha mkono. "Mwalimu, mifano yako yote majibu unayo. Tupe usiyoyajua."

Siku nyingine angempuuza. Lakini moyo ulikuwa juujuu, na mdomo ukamtangulia.

"Mtafuteni mtu," alisema, akaandika majina matatu ubaoni. "Fundi wa kuchomelea vyuma. Miaka thelathini na minne."

Mcheza mpira akatokea. Mstaafu wa reli naye hakukosa. Mheshimiwa akakunja uso.

"Nani anamwita hivi?"

"Ndiyo majina yake."

"Ya ofisini hayo, mwalimu. Fundi gani anatangaza kazi kwa majina matatu? Nyumbani mlimwitaje?"

Hakuwa amesema ni ndugu yake. Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

"Kimbaumbau," alisema taratibu. "Alikuwa mwembamba, upepo ukivuma tunamshika mkono."

Vidole vikakimbia. Haikupita dakika, Mheshimiwa akasogeza kiti pembeni ili mwalimu wake aone. *Kimbaumbau Mageti na Madirisha*, na namba ya simu chini yake. Kwenye picha, mbele ya geti jeusi, alisimama bwana mwenye kitambi cha kuwatosha watu wawili, akicheka kwa meno ya mama yao.

Mkutubi alinakili namba, akatoka hadi koridoni, akapiga.

"Kimbaumbau Mageti, karibu."

"Ni mimi. Dada yako."

Upande wa pili mashine ya kukatia chuma ilikuwa inalia. Ikazimwa.

"Mama mzima?"

"Anapasuliwa keshokutwa. Anataka kukuona."

"Naondoka leo hii." Mkutubi alidhani mdogo wake atakata simu, lakini hakukata. "Dada, picha yangu umeiona?"

"Nimeiona."

"Kwa mwili huu, nani angeniita Kimbaumbau? Wateja wananicheka. Jina nililiweka makusudi, hata juu ya mlango wa karakana, ili mkinitafuta msihangaike. Mwaka wa kwanza nikangoja. Wa pili nikangoja. Wa tatu nikasema basi, hawanitafuti."

"Nimekutafuta kila wiki, mdogo wangu. Kila wiki."

"Kwa jina gani?"

Aliegemea ukuta.

"La cheti," alisema, na hapo machozi yakamshinda.