Watoto wa Nant Helyg Wanapanda Basi

Nesta Parri alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya Nant Helyg, katika bonde letu la Wawelisi, tena mwalimu wake wa pekee, na siku mpishi alipougua alikuwa mpishi pia. Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja kikubwa, jiko, na uwanja wa saruji ulioteremkia mtoni. Watoto walikuwa wachache kiasi kwamba akiwaita majina asubuhi alimaliza kabla hajakaa sawasawa kitini. Nyumba yake ilipakana na uwanja. Hakuwahi kuolewa. Watu wa bonde walimtania kuwa ameolewa na shule, naye aliwajibu kwamba angalau mume huyo hakoromi.

Halmashauri ilipotangaza kuwa inataka kuifunga shule, mkutano uliitishwa kwenye ukumbi wa kanisa, jioni moja ya Februari yenye mvua. Bonde zima lilikuja, gambuti zikarundikana mlangoni. Ofisa kutoka mjini alieleza kwa upole kwamba paa linavuja, watoto wanazidi kupungua, na mjini kuna shule mpya yenye ukumbi wa michezo. Hakuna aliyemzomea. Kwetu watu wakikasirika huwa wanatazama sakafu.

Aliyesimama mwishowe alikuwa Joanne, mama aliyehamia kwetu kutoka Birmingham, kwa Waingereza. Kila mkutano alikuwa akikaa nyuma na vipokea sauti masikioni, akitafsiriwa kwa Kiingereza tunachosema. Jioni ile alivivua.

"Mimi kuongea vibaya," alisema kwa Kiwelisi chake cha kuungaunga, uso umemwiva. "Lakini mwanangu Callum, yeye kuongea vizuri. Nani kumfundisha? Nesta. Kule mjini watoto wote Kiingereza. Callum kusahau. Na mimi nyumbani, nani kunifundisha?"

"Mbona umeongea vizuri kuliko mume wangu," mwanamke mmoja akapaza sauti, "na yeye kazaliwa hapa hapa!"

Ukumbi ukacheka, na hata ofisa akacheka. Kabla ya kuondoka alisema uamuzi utasubiri hadi Pasaka. Wazazi wakithibitisha kwamba watoto watabaki mwaka unaofuata, shule itabaki nayo.

Nesta alirudi nyumbani akiwa mwepesi. Nusu ya watoto wa shule walikuwa wa Heledd, binti wa marehemu kaka yake, ambaye naye alijifunza kusoma kwenye chumba kile kile, mbele ya Nesta yule yule. Mtu wa kumwendea na kumbembeleza abakize watoto hakuwa Heledd. Hata wazo hilo halikumpitia.

Jumamosi iliyofuata Heledd alikuja na mayai. Alikaa ukingoni mwa kiti bila kuvua koti.

"Vua koti, mwanangu, chai inakuja."

"Sikai, Shangazi."

"Sasa mayai yote haya ya nini, nafungua hoteli?"

Heledd hakucheka. "Nimewaandikisha Mabli na Guto mjini. Wanaanza Septemba."

Nesta aliendelea kumimina chai mpaka kikombe kikajaa, kisha akaiweka birika chini taratibu.

"Ni paa?"

"Si paa. Wala si wewe. Hakuna anayefundisha kama wewe, hilo unalijua."

"Basi ni nini?"

"Mabli anacheza na ukuta, Shangazi."

Nesta alikuwa analijua hilo. Wavulana walipocheza soka, Mabli, msichana pekee wa shule nzima, alisimama upande wa jiko akirusha mpira ukutani na kuudaka, akizungumza kwa sauti mbili, moja yake na nyingine ya rafiki ambaye hakuwepo. Mara nyingi Nesta alitoka nje akamshikia kamba ya kuruka. Mtoto aliruka kwa adabu, kama mtu anayemfurahisha mgeni.

"Wiki iliyopita kaniuliza," Heledd alisema, "'Mama, nikija kupata rafiki, ataitwa nani?' Ningemjibu nini mimi?"

"Na lugha?"

"Nyumbani tutaongea kama kawaida." Alitazama dirishani. "Nikasirikie basi, Shangazi. Nitukane kidogo. Nitaona nafuu."

"Siwezi. Angekuwa wangu ningefanya hivyo hivyo."

Alisema kweli, na ukweli huo ulimnyang'anya hata mtu wa kumlaumu. Heledd alipoondoka, Nesta alikunywa vikombe vyote viwili.

Habari zilizunguka bonde kabla ya jua kutua. Watu wakangoja Nesta aseme neno, angalau anune. Jumapili walimwona kanisani amekaa pembeni ya Heledd kama siku zote, wanatumia pamoja kitabu kimoja cha nyimbo. Pasaka ikaja ikapita, shule ikaamuliwa ifungwe.

Siku ya mwisho, mwezi wa Julai, walikuja hata waliosoma pale enzi za taa za mafuta. Tulikula mkate wa zabibu uliopakwa siagi, tukaimba, watu wakalia, na Joanne akalia kuliko wote. Halafu kila mmoja akabeba kitu cha ukumbusho: huyu kiti kidogo, yule ramani, mwingine kipande cha mbao chenye jina lake pale alipokuwa akitundika koti. Ilikuwa kama msibani ndugu wanapogawana nguo. Walipokwisha kuondoka, Nesta aliosha brashi za rangi moja moja, akazipanga kwenye kopo zikauke. Alipomaliza ndipo alipokumbuka kwamba hakuna wa kuzitumia, akabaki amesimama pale kwenye sinki, maji yanamwagika.

Tukamsahau kidogo, lazima niseme, kama watu wanavyomsahau mfiwa baada ya wiki ya kwanza. Septemba ilipofika tulidhani anapumzika. Yeye baadaye alimweleza Heledd kwamba asubuhi aliimudu, na jioni pia aliimudu. Saa ya mapumziko ndiyo iliyomshinda. Saa ile masikio yake yalijitega yenyewe, yakasubiri kelele, na kilichokuja kilikuwa mto na kondoo tu. Alijaribu kuwasha redio. Alijaribu kutoka kutembea. Siku moja alijikuta mlangoni ameshika kitambaa cha kufutia kamasi, hajui anamsubiri nani.

Ndipo aliposikia kwamba basi dogo la kupeleka watoto mjini linatafuta msindikizaji, mtu wa kuhakikisha wamefunga mikanda na hawapigani. Alipiga simu halmashauri.

"Una uzoefu wowote na watoto, mama?" aliuliza kijana aliyepokea.

"Kidogo," alijibu Nesta.

Wiki za mwanzo zilikuwa kama shule iliyotiwa magurudumu. Watoto waliimba, Nesta akawauliza mafumbo, Guto na Callum wakagombania dirisha kwa Kiwelisi kitamu cha bondeni. Dereva, mtu wa mbali asiyeelewa hata neno, aliwaacha na kelele zao. Lakini kwenye njia panda walipanda watoto wengine wanaoongea Kiingereza, na kila wiki nyimbo zikawa fupi. Kufikia Krismasi, Guto na Callum waligombania dirisha lile lile kwa Kiingereza.

Mabli alipata marafiki. Walikuwa wawili, wanapanda njia panda, na alipowaona tu alipiga kioo kwa viganja vyote viwili. Walikaa kiti cha nyuma kabisa, wakicheka mpaka wanalia. Basi likifika shuleni aliruka chini akakimbia nao bila kugeuka. Nesta alimtazama kupitia kioo na alifurahi, alifurahi kweli.

Siku moja ya Januari alimwuliza kwa Kiwelisi, kwa sauti, katikati ya kelele, "Mabli, umekumbuka sweta yako?" Mtoto akajibu kwa Kiingereza, haraka, bila kumtazama. Wale wawili wakaigiza namna Nesta alivyoongea, wakacheka. Nesta akageuka mbele.

Jioni hiyo marafiki walipokwisha shuka, Mabli alisogea kiti kwa kiti mpaka akakaa pembeni yake.

"Mwalimu, umenikasirikia?"

"Hapana, mpenzi."

"Nikiongea hivi wananiita kondoo wa mlimani."

"Ah! Kondoo wa mlimani ana manyoya mazito. Wa mjini angekufa kwa baridi."

Mabli alicheka kidogo. Akachora kwa kidole kwenye ukungu wa kioo. Kisha akauliza, kama mtoto anavyouliza jambo lolote, "Mwalimu, siku hizi wewe unaongea na nani?"

Nesta alifikiri. Kulikuwa na kanisa Jumapili. Kulikuwa na Heledd, ambaye siku hizi alipita kwa haraka, bado ana aibu.

"Naongea na wewe," alisema.

"Mimi mbona niko kwenye basi tu?"

"Ndiyo. Hapo hapo kwenye basi."

Mtoto aliitikia kwa kichwa, kwa uzito, kama aliyepewa kazi. Asubuhi iliyofuata alipanda, akampita Guto, akakaa kiti cha mbele pembeni ya Nesta, akaanza kumsimulia juu ya paka wao aliyezaa ndani ya ndoo ya makaa. Alisimulia kwa Kiwelisi, mkono wake ndani ya mfuko wa koti la Nesta, mpaka njia panda ilipoonekana. Hapo akanyamaza katikati ya sentensi, akachukua mkoba wake, akaenda nyuma.

Ikawa hivyo kila asubuhi, mwaka ule na uliofuata. Shule ilinunuliwa na watu wa London wanaokuja Agosti tu kwa likizo, na wakati wa baridi madirisha yake ni meusi. Nesta bado anasindikiza. Kuanzia lango la Heledd hadi njia panda anaongea na kucheka, na wanaopishana na basi humwona. Kutoka hapo hadi mjini anakunja mikono mapajani, anatazama barabara, na dereva anaongeza sauti ya redio.