Alama za Nabila

Chuo kikuu kilimfundisha Wangila saikolojia mwaka mmoja na nusu, kisha wakaachana, na hakuna aliyelia. Lakini hiyo nusu aliivaa kama tai siku alipopata kibarua cha kuzungukia wazazi na maswali ya usonji, ile hali ya mtoto kuuona na kuusikia ulimwengu kwa namna yake.

Kutoka chumba chake cha kupanga Mpumudde, Jinja, nchini Uganda, alitumwa Nakaloke, nje kidogo ya Mbale. Kazi haikumshinda hata yeye: soma swali, mzazi ajibu "kamwe", "mara nyingine" au "kila mara", weka alama. Alama zikiwa nyingi, mtoto anapewa siku ya kuonana na daktari Mbale. Zikiwa chache, jina linafutwa orodhani.

Juwairiya, muuza vitunguu, alimpokea kwa chai na karanga.

"Kiswahili kimenyooka hivyo, kama cha askari wetu, wewe ni afande?"

"Afande gani, mama, na hiki kifua cha kuku? Mimi Mkenya tu wa Bungoma."

Binti wa Juwairiya, Nabila, alikuwa barazani akipanga vitunguu, kidogo hadi kikubwa. Shule ilikuwa imemrudisha nyumbani, ikasema bila neno la daktari asikanyage tena. Kuku akasogeza kitunguu kimoja. Nabila akapiga yowe, akaziba masikio.

"Mtoto hukasirika vitu vyake vikisogezwa?" Wangila akasoma.

Juwairiya akasubiri yowe liishe ili asikike vizuri. "Kamwe."

"Hujitenga na wenzake?"

"Kamwe! Mashaallah, ana marafiki mpaka wanachosha."

Marafiki hao hawakuonekana. Aliyeonekana ni jirani, Gorreti, akichambua mchele upande wa pili wa ua, polepole kuliko mchele ulivyohitaji. Mbele ya mgeni na jirani, nani atamsema mwanawe vibaya? Wangila akajumlisha: sifuri. Hata malaika wangepata mbili.

Msomi kamili angejua la kufanya. Wangila alifanya anachofanya akikwama: akajicheka.

"Una bahati, mama. Mama yangu angeulizwa haya angejibu akilia. Mimi mpaka leo mboga ikigusa ugali sili."

"Mpaka leo? Na ndevu hizo?"

"Na ndevu hizi. Harusi ya dada yangu nilikaa chooni mpaka spika zikazimwa. Watu wakadhani nimeharisha."

Kutoka ng'ambo ya ua, Gorreti akacheka mpaka mchele ukamwagika.

"Hiyo ndogo," Juwairiya akasema. "Wangu siku ya Idi alijifungia kabatini mpaka wageni wakamaliza pilau."

"Mimi kila kibao cha barabarani lazima nikisome kwa sauti. Nimeshashushwa garini."

"Wangu bila kikombe chekundu hanywi maji, hata akauke! Na usiku..." Akaiona kalamu ya Wangila juu ya karatasi.

Wangila akaiweka chini haraka kama aliyeshikwa shambani na mahindi ya wenyewe. "Mama, bila ruhusa yako siandiki. Lakini kwa majibu yale ya kwanza, Mbale hawatamwita. Na shule haitamfungulia."

Juwairiya akatazama ng'ambo ya ua. "Gorreti anasikia," akanong'ona.

"Andika, kijana!" Gorreti akapaza sauti. "Kwani mimi naishi wapi? Mayowe ile nasikia miaka yote. Juwairiya, dada, nilikuwa nangoja tu wewe useme."

Mama akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Wakaanza upya. Safari hii alijibu taratibu, "kila mara", "kila mara", na alipofika kwenye "mara nyingine" alifikiria kwanza, asimwonee mtoto. Alama zikavuka kiwango kinachotakiwa. Wangila akapiga simu Mbale. Nabila akapewa Jumatano.

"Na wewe," Juwairiya akauliza akimwongezea chai, "walikupa siku gani?"

"Mimi? Nilikuwa nakuchekesha tu, mama."

"Ulidanganya lipi?"

Wangila akapitia yote kichwani: ugali, choo, vibao. Akatafuta moja la uongo, akakosa.

"Lete hiyo karatasi," Juwairiya akasema. "Mama yako yuko mbali. Nitakuuliza mimi."

Gorreti akavuta kigoda, akaja kusikiliza vizuri.