Ua la Manjano Kwenye Shina Lisilo Lake

Daktari alivaa kioo cha kukuzia shingoni kama bibi harusi na kidani chake, na kwa miaka sita Mzee Gundi hakuwahi kumwona akikiinua jichoni. Hilo pekee lilitosha kumdharau.

Mzee Gundi alikuwa mbandikaji. Mimea iliyokaushwa ililetwa kwake kutoka milimani, naye akaibandika kwenye karatasi nene kwa gundi ya unga. Miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kumsahihisha. Alipenda kulisema hilo hata asipoulizwa.

Asubuhi moja Daktari alitandaza karatasi yenye mmea uliobandikwa mbele ya Bibi Mtunzaji, mkuu wa ghala la mimea.

"Jamii ya alizeti. Linaota kule juu, miti inapoanza kwisha. Shina la manyoya, ua kubwa la manjano. Hakuna kitabu kinacholitaja! Leo nalitangaza kwa jina langu."

"Umelitazama kwa kioo?" Mzee Gundi akauliza.

"Mzee wangu, wewe paka gundi. Kutambua tuachie tuliosoma."

Debe tupu, akawaza Mzee Gundi, akainama na kioo chake chenye ufa. Mara cheko likamkauka. Shina lilikuwa na manyoya meupe tele. Kikonyo cha ua kilikuwa kipara. Vilipokutana paling'aa tone la gundi. Gundi yake. Ua lilikuwa limedondoka siku ya kubandika, naye akaokota la mmea mwingine uliokuwa kando yake mezani.

Akinyamaza, wataalamu wangemcheka Daktari mpaka wachoke. Utamu ulioje! Lakini uongo ungeingia kitabuni, ukishikiliwa na mkono wake.

"Mama, naomba maji ya moto," akamwambia Bibi Mtunzaji.

Matone mawili tu juu ya gundi. Ua likang'oka kama jino bovu.

"Nilikosea mimi," akasema.

"Ahaa! Kumbe kosa ni lako!" Daktari akadakia.

"Langu limetoka kwa maji. Dawa ya lako unaining'iniza shingoni mwaka wa sita huu."

Bibi Mtunzaji akajifanya anakohoa.

Kwenye kibahasha cha vipande vilivyodondoka, Mzee Gundi alikuta kiua cha kahawia, kibaya, kikonyo chake kimejaa manyoya yaleyale. Akavuta droo, akatoa karatasi kuukuu yenye mmea uliobandikwa zamani. Maua yake na kile kiua yalifanana kama mapacha.

"Ndilo hili. Limewahi kuokotwa mara moja tu. Halina sura, kwa hiyo wenye haraka hulipita."

Akaandika pembeni: *Nilibandika ua lisilo lake*. Akatia saini, akamsogezea Daktari kalamu.

"Na wewe andika ulichokiona."

Daktari aliitazama kalamu, kisha akatoka, kioo kikimpigapiga tumboni.