Barua za Visima

...hamisha za miaka mitatu ya mwisho tu, anasema Celine kutoka mezani kwake, yeye ndiye mkubwa wetu tangu Januari, hizo zingine ziache kwa seva ya zamani, Ijumaa tunaizima, nami naitikia sawa madam huku kishale kiko juu ya folda ya Visima, ile tunayotumia ofisi nzima hapa Kitengela, barua pepe elfu kumi na moja, karibu nusu zina jina moja, Mwololo, Mwololo, Mwololo, mzee aliyezunguka Kajiado yote akikagua pampu mpaka moyo wake ukasimama, mwaka wa pili sasa... nifungue moja tu, inaanza kwa salamu ya Kimaasai, Sopa wote, niko Kona Baridi, upepo inataka kubeba pikipiki na mimi juu yake, huko Oltepesi maji imetoka, akina mama wameimba, na mimi nilikuwa mgeni kazini, msichana wa Bungoma asiyejua Kimaasai hata neno, nikizisoma kabla ya chai, nikicheka peke yangu, yeye ndiye alinifundisha kwamba barua ya kisima haifutwi, kwa sababu Nelima, kisima ikikauka watu watauliza ilianza kukohoa lini... unanisikia lakini, anauliza Celine, nakusikia madam, nakusikia, ila hii hapa sikuitafuta, Nelima, Jumapili pita kwetu Nkoroi, mke wangu Kalunde anapika muthokoi, ile mahindi na maharagwe ya Ukambani, aliituma kwa folda ya wote kwa makosa, ofisi nzima ikanitania, na muda huu wote nimejiambia kwamba sikuahidi kitu, kwamba nilicheka tu nikanyamaza, kumbe chini yake ni mimi, jina langu, sawa mzee nakuja, na chini ya hiyo kuna nyingine ya mzee, ya Jumapili jioni, herufi zake bado nzito, haijafunguliwa na mtu... tumekungoja mpaka saa kumi, mama amekuwekea yako, si neno, barabara ni mbali, halafu Jumatatu akaandika habari za Oltepesi kama kawaida, hakunigusia, na wiki tatu baadaye tukawa kaburini kwake, Kalunde akanishika mkono akasema kumbe wewe ndiye Nelima, nikadhani mzee alinisifu nyumbani, nikatembea na hilo neno kama zawadi, na kumbe alinijua kwa sahani iliyofunikwa ikapoa... umechagua miaka, anauliza Celine, nimechagua, ngapi, zote madam, itachukua mpaka kesho hiyo, anasema, na ni za nini, nami namwambia ni za visima, haziwezi kuachwa, sijui kama Kalunde bado anakaa Nkoroi, namba yake sina, sikuwahi kuiomba, lakini mzee alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, kwa hizi elfu kumi na moja lazima aliiandika mahali.