Chai Sita za Yasna

Chai ya kwanza ilinuka keki kabla haijafika mdomoni. Ermelinda alijikaza kisabuni, akanywa, na kitu chenye utamu wa dawa ya kikohozi kikampaka ulimi wote. Aliambiwa ni chai ya pai ya limau. Limau gani hilo, Mungu pekee ndiye ajuaye. Yeye alionja sabuni ya kufulia.

"Tamu, mwanangu," akasema.

Alisema hivyo kwa sababu binti yake Yasna alikuwa ameketi mbele yake, na hawakuwa wameketi hivyo kwa miaka miwili. Miaka miwili bila hata simu ya Mwaka Mpya. Na kosa lilikuwa la ulimi wa Ermelinda. Siku Yasna alipofungua duka lake la keki kule mjini Concepción, mama mtu alitafuna kipande cha kwanza, akatangaza mbele ya wageni wote kwamba keki ile ni maboksi yaliyolowa. Alimwaga mtama kwenye kuku wengi. Yasna alimfungulia mlango atoke, na kabla mwaka haujaisha akahamia Antofagasta, jangwani huko, mbali kabisa.

Sasa alikuwa amerudi nyumbani kwa mama yake, Tomé, mji wa pwani, na pakiti sita za chai alizochanganya mwenyewe, zenye ladha za keki na vileo. Jumatatu angekiambia kiwanda zipi zipakiwe, na akiba yake yote ingeingia humo. Alitaka mama yake azionje kwanza. Ermelinda aliapa moyoni kwamba safari hii atasifu kila kikombe, kiwe na nini, ili mtoto asiondoke tena.

Mezani palikuwa na mkate wa moto, parachichi lililopondwa na jibini, lakini Yasna alikataza kula katikati, eti chakula kinaharibu ulimi. Kana kwamba kulikuwa kumebaki cha kuharibu. Chai ya pili ilikuwa ya keki ya maziwa, ikaganda kwenye kaakaa kama mafuta ya supu iliyopoa. Ya tatu ilikuwa na harufu ya pisko, ile pombe kali ya zabibu, na ndimu, bila pisko yenyewe. Mtu akitaka pisko si anywe pisko? Ya nne ilikuwa ya nanasi, nazi na ramu, na ilinuka kile kikaratasi ambacho madereva wa teksi hukitundika kwenye kioo. Kufikia ya tano, ramu na nanaa, jasho lilikuwa linamtoka Ermelinda mgongoni. Maisha yake yote alikunywa chai nyeusi yenye mdalasini na sukari iliyounguzwa, na hakuona sababu ya binadamu kutafuta nyingine. Kila kikombe alisema ni kitamu. Yasna aliandika kwenye daftari bila kutabasamu.

Chai ya sita ilichelewa jikoni. Yasna aliileta mwenyewe kwa uangalifu, akasema ni karameli na chumvi ya bahari. Ermelinda alipiga funda moja, akajuta kuzaliwa. Ilikuwa na utelezi. Ilikuwa na chumvi, na harufu ya mawe ya pwani maji yakishakupwa, halafu juu yake vanila, kama mtu aliyejipulizia manukato bila kuoga. Kichefuchefu kilimpanda mpaka machozi yakamlengalenga. Akameza. Alipoona binti yake bado anamkazia macho, akafanya kile ambacho mgeni mwenye adabu hufanya kwenye chai ya jioni kitu kikimpendeza: akasogeza kikombe mbele.

"Niongeze kidogo," akasema. "Hii imezishinda zote."

Yasna akaweka kalamu chini.

"Hayo ni maji ya mwani wako, mama. Ule uliouloweka jikoni kwa mchuzi wa kesho. Nimetia vanila tu."

Ermelinda alikitazama kikombe, akakisukuma kando.

"Kule dukani wateja walinisifu wote," Yasna akaendelea, kwa sauti ya chini. "Walinivisha kilemba cha ukoka, na baada ya miezi mitano nikafunga. Keki yangu ilikuwa maboksi kweli. Wewe peke yako uliniambia, na wewe ndiye niliyekufukuza. Nimekaa kwenye basi mchana kutwa na usiku kucha kuufuata ulimi huo, nawe unanidanganya."

Akainuka, akaanza kurudisha pakiti kwenye sanduku.

"Nilidhani nikisema kweli utaondoka," Ermelinda akasema.

"Naondoka kwa sababu hukuisema."

"Basi kaa chini uandike."

Akayatoa yote, tangu sabuni mpaka teksi, na hakupunguza hata moja. Alisema ya maziwa ingefaa kupakwa kwenye bawaba za mlango. Alisema ya nanaa ni mlevi aliyetoka kupiga mswaki. Yasna aliandika, masikio yamemwiva kwa aibu, akauliza kama kweli hakuna hata moja iliyofaa.

"Hakuna. Zinatia kinyaa, mwanangu. Usimnyweshe mtu."

Ermelinda akausubiri mlango ufunguliwe. Yasna alipenga kamasi, akafunga daftari, akasema basi Jumatatu hatakiagiza kiwanda kitu. Angebaki hapa nyumbani achanganye upya, na kila jioni mama angeonja, vikombe vitano au sita, mpaka ipatikane moja ya kunyweka. Huenda ingechukua mwezi. Huenda hata miezi mitatu.

Furaha ilimpanda Ermelinda kifuani, na kichefuchefu kikapanda nyuma yake, vikakutana kooni. Akashika meza kwa mikono miwili mpaka vyote vikashuka, kisha akamwambia Yasna shuka safi ziko kabatini.